Raia Si Kundi la Mbuzi: Safari ya Neno Fupi na Deni Letu kwa Katumba na Mishamo

Neno «raia» ni fupi: herufi nne, silabi tatu. Limo katika Katiba yetu, limo katika fomu ya kitambulisho cha taifa, limo katika amri ya askari anayewatawanya watu barabarani, na limo katika vyeti walivyokabidhiwa wakazi wa Katumba na Mishamo baada ya kungoja kwa zaidi ya miaka arobaini. Ubishi wangu leo ni huu: katika Mkoa wa Katavi neno hili linatumika kwa maana mbili zinazopingana, na sisi wasomi, watumishi wa umma na wanasiasa huruka kutoka maana moja hadi nyingine kadiri inavyotufaa. Mtu huitwa raia pale anapotakiwa kutii, kuhesabiwa na kuhamishwa. Anapodai haki inayotokana na neno hilohilo, huongezewa kivumishi: anakuwa «raia mpya». Kivumishi hicho ndicho ninachokusudia kukipinga, na ili nikipinge sawasawa sina budi kuanzia mbali na Mpanda.

Neno lililotoka malishoni

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuchunga. Rai ni mchungaji wa wanyama. Raiya ni kile kinachochungwa, yaani kundi. Kutoka malishoni neno likapanda hadi barazani kwa watawala: sultani akawa mchungaji, na watu walio chini yake wakawa kundi. Tusiharakishe kulidharau wazo hilo. Katika mapokeo ya Kiislamu mchungaji ni mtu atakayeulizwa. Kundi likipotea, likiliwa na fisi au likifa kwa kiu, hesabu ni juu yake. Wakristo nao wanaujua mfano huohuo, ndiyo maana kiongozi wa kanisa kwa Kiswahili huitwa mchungaji. Hata hivyo, katika sura yake iliyo njema kabisa mfano huu una kasoro moja isiyotibika: mbuzi hawamwulizi mchungaji kwa nini wanahamishwa.

Neno likasafiri pamoja na dini, biashara na madola, likaingia katika lugha za koo mbalimbali. Kituruki hakina undugu wa nasaba na Kiarabu. Kimalay hakina undugu na Kituruki. Na Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, hakina undugu na yoyote kati ya hizo. Lakini zote zilimpokea mgeni huyu mmoja, na kila moja ikamvisha kanzu yake.

Katika dola ya Waosmani watu waligawanywa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza liliitwa askeri: wanajeshi, maofisa, makadhi na wengine waliolishwa na hazina ya sultani na kusamehewa kodi. Fungu la pili liliitwa reaya: wakulima, mafundi na wachuuzi walioilipa kodi hiyo. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba maneno yote mawili tunayo, na kwamba bado tunayasimamisha yakitazamana: askari upande huu, raia upande ule. Mkulima wa fungu la reaya alifungwa na shamba lake. Akiliacha bila idhini aliweza kutozwa faini au kurudishwa. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana tutakutana nalo tena katika misitu ya Katavi.

Huko Balkani neno lilipita njia nyingine. Katika karne za 18 na 19 lilielekezwa zaidi kwa Wakristo waliokuwa chini ya sultani, likawa na ladha ya dharau. Kwa Kiromania, raia, kwa tahajia ileile tunayoitumia sisi, halikuwa jina la mtu kabisa, bali la eneo: ngome na ardhi iliyoizunguka, iliyotwaliwa na Waosmani na kutawaliwa moja kwa moja, kama ilivyokuwa Brăila kando ya mto Danube. Watu wametoweka katika maana, imebaki ardhi tu. Kwa Kibosnia mambo yaligeuka kinyume. Huko neno huandikwa raja, na katika mji wa Sarajevo watu walilichukua lile tusi la mabwana wakalifanya jina la mapenzi: raja ni marafiki, ni wale wetu wa mtaani. Wakati huohuo Kihindi kina neno raja lenye asili nyingine kabisa, ya Kisanskriti, na maana yake ni mfalme. Matamshi yanatofautiana, lakini kwa maandishi herufi zilezile nne ni mtawala mjini Delhi na ni watu wasiotawala mjini Sarajevo.

Bara Hindi nalo lina neno letu, katika umbo la raiyat, na huko lilikuwa jina la mkulima anayelima ardhi na kuilipia kodi. Serikali ya kikoloni ya Uingereza haikuwa rafiki wa mkulima huyo. Hata hivyo, Sheria ya Upangaji ya Bengal ya mwaka 1885 iliweka kanuni ambayo kila mtumishi wa ardhi nchini mwetu angefaa kuikumbuka: raiyat aliyeshika ardhi katika kijiji kwa miaka 12 mfululizo alihesabiwa kuwa mkaazi wa kudumu wa kijiji hicho, na alipata haki ya kuendelea kuitumia ardhi yake. Miaka 12 ya jasho iligeuka kuwa haki.

Mwisho wa safari hiyo upande wa mashariki ni Kimalay na Kiindonesia, ambako neno ni rakyat. Nchini Malaysia baraza la wabunge wa kuchaguliwa huitwa Dewan Rakyat. Nchini Indonesia wapigania uhuru walitangaza «kedaulatan rakyat», mamlaka kuu ya watu, na wazo hilo limo katika utangulizi wa katiba yao ya mwaka 1945. Ndani ya neno kedaulatan umo mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi «dola». Kwa maneno mengine, Waindonesia waliyachukua maneno mawili tuliyonayo sisi, dola na raia, wakayafunga pamoja hivi: dola ni mali ya raia. Sisi tuna maneno yaleyale kabatini, lakini mara nyingi tunayapanga kinyume, raia akawa mali ya dola.

Waturuki walipojenga jamhuri walimwita mtu wao vatandaş, mwenzi katika nchi. Waarabu wa leo humwita muwatin, mtu wa nchi. Kati ya lugha nilizozitaja, Kiswahili ndicho kilicholichukua neno la malishoni na kuliweka juu kabisa, katika sheria ya uraia. Hilo si aibu. Neno lililotoka zizini linaweza kukalia kiti cha heshima, mradi walioliketisha hapo wasiendelee kulishikia fimbo.

Maadui wawili wa raia

Katika Kiswahili cha leo raia hupambanuliwa na watu wa namna mbili. Kwanza hupambanuliwa na askari. Tunasema «polisi walishirikiana na raia», «alivaa mavazi ya kiraia», «asasi za kiraia». Hapa raia ni asiye na silaha na asiye na cheo, yaani reaya yuleyule wa Waosmani. Pili hupambanuliwa na mgeni. Hapa raia ni mwenye nchi, anayeweza kupiga kura, kugombea, kumiliki na kwenda atakako. Kwa maana ya kwanza neno linamteremsha mtu. Kwa maana ya pili linampandisha. Polisi aliyezaliwa Inyonga ni raia kwa maana ya pili na si raia kwa maana ya kwanza, na hakuna anayetatizika kwa hilo, kwa sababu muktadha unaeleza.

Tatizo linaanza pale maana ya kwanza inapovaa nguo za maana ya pili. Ofisa anaposema «hawa ni raia wetu» inafaa kuuliza: wetu kwa namna gani? Kama vile tunavyosema viongozi wetu, au kama vile mfugaji anavyosema ng'ombe wetu? Wapo wanaopenda kusema kwa mzaha kwamba serikali ni «siri kali». Mzaha ni mzuri, lakini asili si hiyo. Neno limetoka katika Kiajemi, sarkar, na kule Bara Hindi sarkar ni serikali na pia ni namna ya kumwita bwana mkubwa kwa unyenyekevu. Basi lugha yetu imerithi mfumo mzima: serikali aliye bwana, askari aliye mkono wake, na raia anayechungwa. Katiba ya jamhuri iliandikwa ili kuuvunja mfumo huo. Haitoshi kuuvunja kwenye karatasi ikiwa unaendelea kuishi kwenye dirisha la ofisi.

Lugha za jirani zinatuonyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Kirundi, lugha ya mama ya wazee wengi wa Katumba na Mishamo, humwita raia umwenegihugu, mwenye nchi. Sisi wenyewe tuna neno mwananchi, mwana wa nchi, na harakati za uhuru zililitumia kwa fahari. Katika maneno yote mawili nchi iko ndani ya mtu. Katika raia, kwa asili yake, yuko mchungaji asiyetajwa.

Katumba na Mishamo

Sasa twende Katavi. Mwaka 1972 mauaji ya halaiki nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi sana kutoka nchi yao. Tanzania iliwapokea, na hilo ni jambo la heshima ambalo hakuna hoja ya leo inayolifuta. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliwapatia makazi: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Katumba na Mishamo zilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, kabla ya Mkoa wa Katavi kuzaliwa mwaka 2012.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walipewa jembe, na walilitumia. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajilisha, wakauza ziada. Katikati ya miaka ya 1980 shirika la wakimbizi liliyakabidhi makazi hayo kwa serikali, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kujitegemea. Methali imetimia kwa upande wa mgeni. Kwa upande wa mwenyeji haikutimia, kwani aliyepewa jembe aliendelea kuwa mgeni kwa miongo mitatu mingine. Mkazi aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mkulima aliyefungwa na shamba, asiyeruhusiwa kuliacha bila idhini: reaya alikuwa amefika Mpanda, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1995 kinaonyesha jambo linalohusu hoja yetu. Waliokaa Mishamo, ndani ya mipaka ya makazi, walishika kwa nguvu jina la mkimbizi na kulifanya msingi wa utu na historia yao. Waliokaa mjini Kigoma, wakichanganyika na majirani, hawakutaka jina lolote la kuwatenga. Watu ni walewale, mateso ni yaleyale; kilichotofautiana ni uzio. Jina la kutenga hulelewa na mpaka, na mpaka huo uliwekwa na ofisi.

Mwaka 2007 wakazi wa makazi haya matatu waliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania? Takribani wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Duniani kote ni nadra mno kuona nchi ikiwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja, na Tanzania ilisifiwa kwa haki.

Lakini vyeti havikutolewa. Sharti lililowekwa lilikuwa kwamba raia hawa wahame, wasambazwe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti vyao. Naomba msomaji alitazame sharti hilo kwa utulivu. Walipokuwa wakimbizi walikatazwa kutoka. Walipokuwa raia waliamriwa watoke. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano. Kwa watu hawa uraia ulikuja ukiwa umeambatana na amri inayoipinga haki ya kwanza ambayo uraia humpa mtu. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, walitakiwa kuukana ule wa Burundi. Basi kuanzia 2010 hadi 2014 walining'inia: nchi moja wameiacha, ya pili imewakubali kwa mdomo na kuwanyima karatasi. Asiye na cheti atajithibitishaje kwa mwandikishaji wa wapiga kura, kwa mwajiri, kwa benki, kwa shule ya mwanawe? Na nani hupanda mwembe mahali alipoambiwa atahama?

Ilipofika Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti, na mpango wa kuwahamisha ukawekwa kando. Nasema wazi kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi. Nasema pia kwamba miaka minne iliyotangulia haikuwa ajali ya makaratasi. Ilikuwa ni mantiki ya kundi. Mchungaji huona mbuzi wamekuwa wengi mahali pamoja, akawagawanya. Linganisha na Bengal ya mwaka 1885: miaka 12 ilimpa raiyat haki ya kubaki. Sheria yetu wenyewe ya ukomo wa madai imeweka miaka hiyohiyo 12 kwa mashauri ya kurejesha ardhi. Najua kwamba mkimbizi hakuwa mmiliki kisheria, na kwamba ardhi ya makazi ilitengwa na serikali. Lakini mtu aliyeilima Katumba kuanzia 1973 hadi 2010 alikuwa ametoa jasho la miaka 37. Kama sheria haikuwa na mahali pa kuliandika jasho hilo, busara ya utawala ilipaswa kuwa napo.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema: mwalimu, unacheza na asili ya maneno. Hakuna Mtanzania anayesikia «raia» akawaza mbuzi. Ni kweli, na mtu anayedai kwamba maana ya neno ni asili yake tu anakosea. Mfano wa Sarajevo unathibitisha kwamba watumiaji wanaweza kuligeuza neno juu chini. Ndiyo maana shutuma yangu haiendi kwa neno. Inaenda kwa matendo yanayoirudisha maana ambayo neno lilikuwa limekwisha kuiacha. Ukimhamisha mtu bila kumuuliza, ukamhesabu bila kumsikiliza, na ukamtaka ashukuru kila anapopewa kilicho haki yake, umelirudisha neno malishoni kwa mikono yako, hata kama hujawahi kusoma Kiarabu.

Wengine watasema: dola ina wajibu wa usalama, lazima ijue ni nani anaingia. Nakubali. Uchunguzi hufanywa kabla ya cheti, na waombaji hawa walichunguzwa. Baada ya cheti, uchunguzi wa kudumu unaomfuata mtu kwa sababu ya lafudhi yake au kijiji chake si usalama tena, ni daraja la pili la uraia lililobuniwa na makarani. Sheria yenyewe imekwisha kuweka tofauti chache na za wazi. Anayegombea urais sharti awe raia wa kuzaliwa; hiyo ni ibara ya 39 ya Katiba. Raia wa tajnisi anaweza kunyang'anywa uraia kwa sababu zilizotajwa katika Sheria ya Uraia. Raia wa kuzaliwa hanyang'anywi. Unaweza kuzipenda au kuzichukia tofauti hizo, lakini zimeandikwa, na aliyeziandika ni Bunge. Hakuna ofisi ya kata iliyopewa mamlaka ya kuongeza nyingine.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na inatoka kwa wenyeji wa Katavi. Ardhi iliyotengwa kwa makazi haikuwa tupu. Ilikuwa katika nchi ya Wabende, Wakonongo na majirani zao, watu wa mashamba, wawindaji na warina asali, na uamuzi ulifanywa juu ya vichwa vyao. Leo, ardhi ikizidi kubanwa kati ya hifadhi, misitu, mifugo na mashamba mapya, mwenyeji anauliza: mbona anayetetewa ni yule aliyekuja? Swali hilo ni halali na halistahili kujibiwa kwa mahubiri ya udugu. Jibu langu ni kwamba mwenyeji na yule aitwaye mpya wametendewa jambo moja. Mwaka 1973, mwaka uleule Katumba ilipofunguliwa, serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na wakulima wa Tanzania waliozaliwa hapahapa wakahamishwa kwa operesheni, wengine kwa kubomolewa nyumba. Mkimbizi kutoka Burundi na mkulima Mtanzania walipangwa katika mistari ileile, na ofisi zilezile, kwa imani ileile kwamba aliye juu anajua mahali panapomfaa aliye chini. Kumchukia jirani aliyechungwa pamoja nawe ni kumpumzisha mchungaji.

Ndiyo maana suala hili halihusu Katumba na Mishamo pekee. Mfugaji anayeswagwa kutoka pori moja hadi jingine bila kuonyeshwa aende wapi, mwanakijiji anayeambiwa kwamba mpaka wa hifadhi umesogea na shamba lake limo ndani, mama anayeulizwa ukoo wa babu yake kabla ya kuandikishwa kitambulisho kwa sababu tu mkoa wake uko mpakani: wote hawa ni raia kwa maana ya pili na hutendewa kwa maana ya kwanza. «Raia mpya» ni sehemu tu ambapo ugonjwa umejitokeza wazi kwenye ngozi.

Kinachotakiwa

Nina madai manne, na yote yako ndani ya uwezo wa wanaosoma makala haya.

Kwanza, watumishi wa umma waliondoe neno «mpya» katika barua, ripoti na hotuba zao. Sheria inawajua raia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Haimjui raia mpya. Na kama kuna ulazima wa kutaja tajnisi, itajwe pale tu ambapo sheria inaifanya iwe na athari. Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka 2015, wazazi wake wakiwa tayari na vyeti vyao, ni raia wa kuzaliwa sawa na mtoto wa Dodoma. Upya wake ni ule wa kila mtoto, na haukupaswa kufuata jina lake hadi darasa la kwanza.

Pili, ofisi zidai karatasi ambazo sheria inazidai, na si moja zaidi. Mtumishi anayeongeza sharti la kwake, hata kwa nia njema, anajifanya mtunga sheria. Na mtumishi aliye chini yake anayeona hivyo anao wajibu wa kuuliza kwa maandishi: sharti hili limo katika kifungu gani?

Tatu, wanaharakati wa haki za ardhi wa Katavi waache kugawana wateja, hawa wakiwatetea wenyeji na wale wakiwatetea waliotoka Burundi. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji iwaketishe wote katika mkutano mkuu mmoja wa kijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazungumza na wanakijiji na haina orodha ya makabila. Malalamiko ya Wabende na Wakonongo kuhusu miaka ya 1970 yasikilizwe na kuandikwa, na yaelekezwe kwa aliyefanya uamuzi. Mkulima wa Katumba hakuketi katika kikao kilichotenga ardhi ile.

Nne, kwenu wanafunzi wangu. Wengi wenu mtakuwa maofisa tarafa, maofisa uhamiaji, maofisa ardhi na walimu katika mikoa kama hii. Siku mtakapokalishwa upande wa ndani wa dirisha, mtajifunza haraka kusema «raia» kwa sauti ya askeri. Itakuwa rahisi, kwa kuwa lugha yenyewe itawasaidia. Njia hiyo ilisawazishwa kabla yenu na watu wa Istanbul na wa Unguja. Someni basi namna watu wengine walivyoligeuza neno hilohilo: namna Bengal ilivyoliambatanisha na ardhi isiyonyang'anywa, namna Jakarta ilivyolikabidhi dola, namna vijana wa Sarajevo walivyolifanya jina la rafiki. Kiswahili hakihitaji kulitupa neno raia wala kutafuta jingine. Kinahitaji watumishi ambao, wanapomwandika mtu wa Katumba kuwa raia, watamwacha akae anapotaka kukaa, na atakapowauliza kwa nini, watamjibu.